Mtu Mmoja wa Kumshinda Rais

1

Mtambo ulimaliza kazi siku ya kumi na moja, saa nne na robo asubuhi. Kwenye kioo kikubwa cha ukutani, mahali palipokuwa na sifuri kwa miaka saba, ilitokea moja.

Dkt. Sikudhani Malekela aliitazama ile namba akiwa na kikombe cha uji mkononi. Alidhani ni uchafu kwenye kioo. Akainuka, akakifuta kwa kiganja. Namba haikufutika.

Hakuwa na haja ya kumpigia mtu simu. Namba ya Mizani, kama mtambo ule ulivyoitwa, ilikwenda Ikulu yenyewe, dakika ileile ilipoandikwa. Dakika ishirini baadaye Katibu wa Rais, Hilarioni Kiwelu, alisukuma mlango bila kubisha hodi. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya chini. Hata siku alizokuja kwa ajili ya kuharibu maisha ya mtu, alianza kwa salamu ndefu.

"Daktari, mama hajambo?"

"Hajambo, Mheshimiwa."

"Miguu?"

"Inamsumbua kidogo."

"Mpe pole zangu." Akavuta kiti, akakaa. "Sasa niambie. Ile namba si hitilafu?"

"Si hitilafu. Mizani haiandiki namba mpaka imeuigiza uchaguzi mara elfu. Katika hizo elfu, mtu huyu amemshinda Rais mara mia tisa na arobaini."

Kiwelu alitoa leso, akajifuta shingo. "Tulipima wanasiasa arobaini, wote wakaanguka. Tukapima majenerali, maaskofu, mashehe, wacheza mpira. Wote. Ni mimi niliyemwambia Rais tumpime kila raia mwenye miaka arobaini na kuendelea, ili amalizie miezi hii tisa ya kabla ya uchaguzi akilala usingizi. Sasa nitamwambia nini?"

Sikudhani aliweka kikombe cha uji mezani.

"Jina unalo?"

"Sijalifungua."

Majina yalifunguliwa kwa jicho la Sikudhani na kidole chake tu, hakuna mwingine. Rais mwenyewe aliagiza hivyo, baada ya katibu aliyemtangulia Kiwelu kukamatwa akilipima jina lake mwenyewe dhidi ya bosi wake. Tangu hapo Ikulu ilipokea idadi, na jina lilipelekwa kwa mkono, limeandikwa kwa kalamu.

"Ijumaa, basi," alisema Kiwelu. "Saa nne."

"Atafanywa nini?"

"Mara nyingi ni ubalozi tu, Daktari. Unajua."

Alijua. Kwa miaka saba alikuwa amewahi kuandika majina matatu, ya watu waliomkaribia Rais bila kumfikia. Mmoja alipewa ubalozi katika nchi ya baridi. Wa pili, mhadhiri wa chuo, alifunguliwa kesi ambayo mpaka leo ilikuwa inaahirishwa. Wa tatu gari lake lilitoka darajani, yeye na mkewe. Mara zote tatu Sikudhani alijiambia kwamba yeye anapima tu.

2

Alifungua jina mchana ule, mlango ukiwa umefungwa.

Perusi Mahembe. Umri, hamsini na tisa. Kazi, mtangazaji wa redio. Idara, matangazo ya vifo.

Sikudhani aliisoma mistari hiyo, kisha akakaa sakafuni, mgongo ukiegemea kabati.

Hapakuwa na nyumba katika Jamhuri isiyoijua sauti hiyo. Saa saba mchana, kila siku, kwa miaka thelathini, Perusi Mahembe alisoma majina ya waliofariki na kutaja ndugu zao wa mbali, habari ziwafikie popote walipo. Hakuwa na sauti nzuri. Ilikuwa kavu, kama ya mtu anayesoma orodha ya shule. Lakini mwaka wa homa ya koo, Serikali ilipopiga marufuku kutaja idadi ya waliokufa, yeye hakutaja idadi. Alisoma majina. Kipindi cha dakika kumi kikawa cha dakika hamsini. Wagonjwa walikuwa wanafia katika kambi walikotengwa, wanazikwa na trekta, na familia hazikupewa mwili wala cheti. Walichopewa ni sauti ile. Kabla ya kusoma, alipiga simu kwa kila familia aliyoweza kuipata, akauliza jina linatamkwaje. Serikali iliogopa kumnyamazisha, maana ingebidi ieleze kwa nini.

Baba yake Sikudhani, fundi wa injini za reli, alisomwa mwaka ule.

Aliinuka, akaketi mbele ya kioo na kuviuliza vivuli sababu. Kila raia alikuwa na kivuli chake ndani ya Mizani. Kilijengwa taratibu tangu siku alipopewa kadi ya uraia, kwa alichonunua, alikolazwa, alichotafuta kwenye simu, alichokisema simu ikisikia, nyimbo alizozirudia, ndugu aliowazuia wasimpigie. Vilikuwa vivuli milioni kumi na nne vya wapigakura. Ukiviletea mgombea, vilimsikiliza, vikabishana, vikapanga foleni na kupiga kura, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ukiviuliza sababu, vilijibu kwa maneno ambayo mwenye kivuli angeyatumia.

*Alimtaja mama yangu,* kilisema kimoja.

*Hajawahi kutudanganya.*

*Alinipigia simu. Nilikuwa nalia, akanisubiri nimalize.*

*Alimtaja mwanangu na jina lake la nyumbani.*

Viliendelea hivyo, malaki kwa malaki. Mwishowe Sikudhani alitafuta kivuli kimoja ambacho hakuwa amewahi kuthubutu kukitafuta, cha kwake. Katika chaguzi zote elfu moja, kivuli cha Sikudhani Malekela kilimpigia kura Rais. Aliuliza sababu.

*Naogopa watajua,* kilijibu.

3

Jumatano alikwenda redioni na fomu ya tangazo la kumbukumbu ya baba yake. Ilikuwa sababu ambayo simu yake ingeweza kuieleza kama ingeulizwa. Simu aliiacha mapokezi, kama ilivyo desturi ya redio, wakamwonyesha studio ndogo yenye kuta za sponji. Perusi Mahembe alikuwa mfupi, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi, mbele yake chupa ya chai ya tangawizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kumbukumbu ya nani?"

"Ya baba. Gideoni Malekela. Alifia kambi ya Nyambogo."

Perusi alivua miwani. "Malekela wa reli. Nilimsoma Jumanne. Mama yako ndiye aliyenikataza nisiseme Gidioni."

Sikudhani alikuwa amepanga maneno yake njia nzima. Yakampotea. Akaeleza yote ovyo, akianzia mwisho, namba, kioo, Kiwelu, Ijumaa. Perusi hakumkatiza.

"Mimi?" alisema baadaye. "Sijawahi hata kuwa katibu wa kwaya."

"Ungepata asilimia hamsini na nane."

"Na hao watu wanajua?"

"Hawajui. Hawajawahi kukufikiria. Lakini jina lako likiwekwa mbele yao, wangekuchagua."

Perusi alicheka kidogo, bila furaha. "Kwa hiyo nchi nzima inanitaka, na anayejua ni Rais peke yake."

"Hajajua jina. Ondoka, mama. Mpaka uko mwendo wa saa sita kwa basi."

"Kesho nina majina kumi na manne ya kusoma."

"Basi gombea. Nitakusaidia, nitakupa kila kitu Mizani inachokijua."

"Fomu zinatolewa baada ya miezi mitano. Wewe unayejua hesabu, nitaifikia hiyo miezi mitano?"

Sikudhani aliikunja pembe ya fomu.

"Sikia," alisema Perusi. "Unafikiria kuwapa jina la mtu mwingine. Nakuona usoni. Usifanye hivyo. Wape langu. Sina mtoto, nimeishi vya kutosha."

"Siwezi, mama."

"Kuweza unaweza. Hutaki. Ni mambo mawili tofauti." Akavaa miwani, akaichukua fomu. "Niahidi."

"Naahidi," alisema Sikudhani.

4

Ijumaa saa nne aliandika, Ezekia Ndalahwa.

Alikuwa amelifikiria jina hilo siku nzima ya Alhamisi. Ndalahwa alikuwa kiongozi mstaafu wa wafanyakazi wa viwandani, mzee wa miaka sabini na moja. Katika ile orodha ya wanasiasa arobaini alipata asilimia thelathini na moja. Na alikuwa hospitalini na saratani ya ini, madaktari wamempa majuma machache. Sikudhani alijiambia kwamba hakuna serikali inayohangaika na mtu anayekufa. Wangesubiri tu. Hakuna ambaye angeumia.

"Ndalahwa?" Kiwelu alikunja karatasi taratibu. "Si yuko kitandani?"

"Watu humhurumia mgonjwa, Mheshimiwa. Ndiyo sababu amepanda."

"Kweli. Hilo sikuliwaza."

Rais hakusubiri. Aliogopa kwamba mzee angemtawaza mtu mwingine kabla ya kukata roho, na huruma yote ya watu ingehamia kwa huyo. Jumamosi Ndalahwa aliondolewa hospitalini kwa gari la jeshi. Binti yake alikimbia nyuma ya gari mpaka getini, akiwa amebeba begi la dawa.

Sikudhani alikuja kuyajua yaliyobaki kwa mdomo wa Kiwelu mwenyewe, majuma mawili baadaye, alipopita ofisini.

"Alituchelewesha," alisema Kiwelu akikoroga chai. "Siku tisa. Anaulizwa akina nani wamemwandaa, anasema hajui. Anaulizwa nani anampa fedha, hajui. Wakamnyima dawa ya maumivu, bado hajui. Mzee mgumu yule, nimemvulia kofia."

Sikudhani aliuma meno ili uso usimsaliti. Mzee alisema kweli siku zote tisa. Hakuwa na chochote cha kuwapa ili wamwache.

"Lakini sicho kilichonileta," aliendelea Kiwelu. Akageukia kioo cha ukutani, ambako Mizani ilikuwa imemaliza kupima upya asubuhi ile kwa amri ya Ikulu. "Bado moja."

Sikudhani alijua kwamba itakuwa moja. Yeye mwenyewe ndiye aliyeujenga mtambo ule. Alikuwa ametumaini tu, bila hesabu yoyote, kwamba hawatapima tena.

"Nadhani ameibuka mwingine," alisema Kiwelu. "Baada ya Ndalahwa. Ndivyo inavyokuwa?"

"Huwa inakuwa hivyo."

"Basi Ijumaa, Daktari. Msalimie mama."

5

Siku iliyofuata alipokea simu kutoka redioni. Fomu yake ya kumbukumbu ilikuwa na kosa, aende kuirekebisha.

Perusi hakumkaribisha kiti. "Nimemsoma Ezekia Ndalahwa jana. Nilimpigia binti yake kuuliza ukoo wao unatamkwaje. Ameniambia aliupokea mwili umefungwa kwenye turubai, na ameamriwa asiufungue." Akamtazama usoni. "Ni wewe."

"Alikuwa anakufa, mama."

"Alikuwa na majuma matatu. Alitaka kuyakaa na binti yake."

Sikudhani alilia. Perusi alimwacha alie, akapanga karatasi zake, akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa na kumsogezea.

"Namba ikoje?"

"Bado moja. Wanataka jina Ijumaa."

"Na ukiwapa langu?"

"Watakufanya kama yeye. Watataka kujua akina nani wako nyuma yako. Watawachukua wote uliowapigia simu."

"Nimewapigia watu elfu ngapi," alisema Perusi polepole. Hilo hakuwa ameliwaza. Akakigeukia kipaza sauti. Kisha alisema kama mtu anayemuuliza fundi bei ya bati. "Huo mtambo wako unaweza kuniambia kitu kimoja? Nini kingenishusha? Nife katika hesabu, lakini asife mtu."

Sikudhani alirudi ofisini akaanza kupima. Alimpa Perusi ugonjwa wa akili, akabaki na hamsini na sita. Akamhamishia nchi ya jirani, hamsini na mbili. Akampa cheo serikalini, akampiga picha na Rais, hamsini na moja. Vivuli vilisema, *wamemlazimisha*. Akamzushia wizi, havikusadiki, akapanda mpaka sitini. Watu walikuwa wamemshikilia kwa nguvu ambayo Sikudhani hakuwahi kuiona katika miaka saba ya kazi.

Alhamisi asubuhi alijaribu jambo la mwisho. Alimfanya Perusi aseme redioni, kwa sauti yake ileile, kwamba majina aliyoyasoma mwaka wa homa hayakuwa ya kweli.

Asilimia tatu.

Hakuviuliza vivuli sababu.

Alikaa mpaka saa tano akiwa na jibu hilo. Angeweza kumwambia Perusi kwamba hakuna njia. Basi Perusi angejisalimisha, na wangemuuliza siku tisa, na malori ya kukamata watu yangeanza kuzunguka mijini. Au angeweza kuandika jina jingine, na jingine, kila majuma mawili, mpaka siku ya uchaguzi. Alihesabu. Yangekuwa majina kumi na saba.

Alikwenda redioni akamwambia kweli.

Perusi aliuliza tena, "Asilimia tatu?"

"Ndiyo, mama."

"Hakuna njia nyingine yoyote?"

"Hakuna niliyoiona."

Perusi aliitazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika kumi na tano kufika saa saba. "Nenda nyumbani," alisema. "Usiwe hapa."

6

Sikudhani hakwenda nyumbani. Alirudi ofisini akafungua redio.

Perusi alisoma majina tisa ya siku ile, bila kuharakisha. Kisha akasema ana jambo lake mwenyewe. Akasema kwamba mwaka wa homa alisoma majina mengi ambayo hakuyathibitisha. Mengine aliletewa na watu wenye chuki na Serikali. Mengine aliyatunga, kwa sababu alipenda kusikilizwa. Aliwaomba radhi wananchi na Mheshimiwa Rais. Sauti ilikuwa ileile kavu, haikutetemeka hata mara moja, na ndiyo maana wakamsadiki.

Simu milioni kumi na nne zilisikia watu wakitukana, wakilia, wakizima redio. Vivuli vilikunywa hayo yote, na Sikudhani akampima Perusi upya. Saa nane na dakika arobaini, kwenye kioo cha ukutani, moja ikawa sifuri.

Kiwelu alifika kabla ya saa tisa. Safari hii hakuuliza hali ya mama. Alisimama mbele ya kioo, mikono nyuma.

"Kumbe ni yule mama wa vifo," alisema.

Sikudhani alikuwa amejiandaa. Alikuwa amekwisha kuvua saa na hereni zake, akaziweka mezani ili mtu mwenye huruma ampelekee mama yake.

"Na Ndalahwa?" aliuliza Kiwelu.

"Nilidanganya."

"Mm." Akageuka. Usoni hakuwa na hasira. Alionekana kuchoka tu. "Rais hatajua. Nikimwambia nilimletea jina la uongo, ataniuliza mimi kwanza, wewe baadaye. Na sasa namba ni sifuri, hakuna anayetaka maneno." Akaziokota hereni mezani, akampa mkononi. "Vaa, Daktari. Tutaendelea kufanya kazi pamoja. Miaka mitano mingine, Mungu akipenda. Na ukipata jina, utaniletea la kweli."

Njiani kurudi nyumbani gari lilipita mtaa wa Perusi. Watu walikuwa wamejaa mbele ya nyumba yake, wengi wao wanawake wa makamo, wamevaa nguo za kazini. Walikuwa wanarusha mawe juu ya paa. Hawakupiga kelele. Polisi wawili walisimama pembeni, wanatazama.

Mama yake, Tabita, alikuwa amekaa kitandani, amevaa viatu. Redio ilikuwa imezimwa. Pembeni yake alikuwa ameweka kanga iliyokunjwa na lile shati la baba la reli ambalo hakuwahi kumruhusu mtu aliguse.

"Umesikia?" aliuliza mama.

"Nimesikia."

"Kasema mengine aliyatunga." Alikuwa anapumua haraka, macho yake yanang'aa namna ambayo Sikudhani hakuwa ameiona tangu mwaka wa homa. "Mimi mwili sikuuona. Kaburi sikuonyeshwa. Niliambiwa na yule mama tu. Sasa kama alitunga, Gideoni yuko wapi?"

"Mama."

"Labda walimhamishia kambi nyingine. Labda amepoteza kumbukumbu, homa ile ilikuwa inawapata kichwani. Nipeleke Nyambogo. Kesho asubuhi. Nitawauliza watu wa pale kama wamemwona mtu mrefu, mwenye kovu hapa."

Akaonyesha mahali lilipokuwa kovu, juu ya nyusi yake mwenyewe.

Sikudhani alipiga magoti, akamshika miguu iliyovimba ndani ya viatu. Sentensi moja ingetosha. Baba amekufa, mama, Perusi alisema kweli wakati ule, na leo amedanganya kwa ajili yetu. Ilikuwa tayari mdomoni. Lakini mama angemweleza jirani, kwa sababu ingekuwa habari njema ya aina yake, na jirani angemweleza dada yake. Simu ilikuwa mezani, kando ya glasi ya maji, inasikia. Kivuli cha mama kingegeuka. Kisha cha jirani.

"Sema basi," alisema mama. "Wewe ndiye msomi. Alikufa, au hakufa?"

"Sijui, mama," alisema Sikudhani.

Asubuhi alimpeleka Nyambogo.